Soya za Kuvundika na Kimo cha Binti Yangu

Binti yangu alipofika miaka mitano, wageni walidhani ana mitatu. Hakuwa mgonjwa. Alicheza na kuimba kanisani kama wenzake, ila mwili ulikuwa umegoma kukua. Mdogo wake alipompita kimo, mkubwa akaanza kurithi nguo za mdogo. Mimi na mke wangu hatukuelewa, maana hapa Isansa tunalima kahawa na mahindi, na ugali haujawahi kukosekana.

Tulipompeleka kliniki, muuguzi alimpima, akampa dawa ya minyoo, akauliza anakula nini.

"Ugali na mboga za majani," mke wangu alisema.

"Maharage? Mayai?"

"Mara moja moja."

Muuguzi akatueleza taratibu. "Mtoto hukua sana akiwa usingizini. Kuna homoni inatoka kichwani, inauamuru mwili urefuke. Lakini fundi hajengi bila matofali. Mpeni vyakula vya kujenga mwili."

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, aliposikia alitujia na kiroba cha soya. Tulishawahi kumpikia mtoto soya, zikamsumbua tumbo, tukaacha. Dada akasema hizi atazivundika, kama alivyofundishwa na akina mama wa kanisani kwake. Akaziloweka, akazichemsha mpaka zikalainika kabisa, akazifunga za moto kwenye majani ya mgomba, akazipanga kapuni karibu na jiko na kuzifunika blanketi.

"Hazitaoza, dada?" nilimuuliza.

"Zitachacha, mdogo wangu. Kwani togwa huoza?"

Alipokuja kuzifungua siku chache baadaye, harufu kali ilijaa jikoni. Niliinua punje moja kwa kijiko, nyuzi nyembamba zikavutika nyuma yake, zinang'aa kama utando wa buibui wenye umande. Hakuna mkono uliozigusa tangu zifungwe. Viumbe visivyoonekana vilikuwa vimefanya kazi yote humo ndani ya majani. Nilivua kofia, kama mtu anayeingia kanisani.

Dada alizikaanga na nyanya na vitunguu. Mtoto alikunja pua, akaonja, akaomba tena. Safari hii tumbo halikumsumbua. Mke wangu alijifunza kuzitengeneza, na mayai ya kuku wetu tukaacha kuyauza yote.

Mwezi ukapita, mwingine ukapita. Mchana mmoja wa mvua nilimkuta binti yetu amelala mkekani, amefunikwa kanga iliyozoea kumfunika mwili mzima. Miguu yake ilikuwa imetokeza nje. Nilimwita mke wangu. Tulisimama hapo tukiitazama ile miguu. Mwanangu alikuwa anakua pale pale mbele yetu, na sisi tulikuwa hatuoni chochote ila pumzi yake ikipanda na kushuka.

Tulipomrudisha kliniki muuguzi alifurahi, ila alituonya tusizisifu soya peke yake. Dawa na mayai navyo vilichangia, na kipi kilifanya nini hakuna anayejua. Nilikubali. Binti yangu yuko darasa la nne sasa. Si mrefu kuliko wenzake. Jana aliomba sare mpya, mke wangu akashika sketi ya zamani ili airefushe, akaona pindo lote limeshafumuliwa, hakuna kitambaa cha kuongeza.