Viluwiluwi Waliodumaa kwa Hofu

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilifuga viluwiluwi nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Gudele, Juba. Tulikuwa tumerudi kutoka Kenya, mimi na mama. Maabara sikuwa nayo. Nilikuwa na mabeseni mawili na maji ya mvua.

Niliwachota wote kwenye dimbwi moja, wakiwa wadogo kama mbegu za papai, nikawagawa sawasawa. Katika beseni la pili nilitumbukiza chupa niliyoitoboa kwa msumari, na ndani yake mtoto wa kereng'ende, yule mdudu wa majini mwenye taya kali anayekula viluwiluwi. Hakuweza kutoka. Kilichopita kwenye matundu ni maji na harufu yake tu.

Nikiwa darasani, mama ndiye aliyewalinda dhidi ya kuku na kuwapa mchicha uliochemshwa, kijiko kimoja kila beseni. Baada ya wiki tatu akaniita.

"Njoo uone. Hawa wamenenepa. Hawa wengine wanashinda chini ya jani, hata chakula hawagusi."

"Wanaogopa, mama."

"Si amefungwa?"

"Wao hawajui."

Nikawapima kwa rula na kuyapiga picha mabeseni. Walioishi na adui yao walikuwa na miili midogo na mikia mipana, na miguu ilichelewa kuwaota. Hakuna hata mmoja aliyeliwa. Hofu peke yake iliwadumaza.

Mhadhiri aliyenisimamia alifunua ripoti yangu akacheka. "Binti, hawa uliwanyima chakula."

"Hapana, Daktari. Walilishwa sawa."

Alinipa alama za kunivusha tu. Ripoti na picha akabaki nazo, eti atazipitia tena.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumsikiliza akihutubia wageni chuoni. Kwenye ukuta ikatokea picha ya mabeseni yangu. Pembeni ulionekana mguu wa mama, ndala ya kijani iliyofungwa kwa waya. "Katika utafiti wangu," alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga. Mpaka leo sijui mikono yangu ile iliinuliwa na nani.

Nilimfuata nje. "Daktari, zile picha ni zangu."

Hakushtuka. "Wewe si ulipata shahada yako? Unataka nini tena?" Kisha akaniangalia vizuri. "Umepata kazi?"

"Bado."

"Nahitaji msaidizi. Jumatatu uje."

Nilikuwa nimezunguka na bahasha ya vyeti miezi kumi, kutoka Buluk hadi Hai Mauna. Nikasema, "Asante, Daktari."

Nyumbani nilimweleza mama yote. Nilitaka anigombeze, anikataze kwenda. Aliendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Malesh, mwanangu," pole ile ya Juba inayofunga mazungumzo, akanipakulia chakula.

Nimekuwa msaidizi wake mwaka wa tatu sasa. Kila mvua zikianza nabeba ndoo, natoboa chupa, nagawa rula. Juzi mwanafunzi mmoja wa kike, mdadisi, aliinua kalamu.

"Madam, jambo hili hapa kwetu aliligundua nani? Nataka kuandika jina."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni.

Nikamtajia jina la Daktari, herufi kwa herufi, asije akalikosea.