Kanga wa Baba Lakeri

Nilitaka kujua mume wangu anawaua wapi ndege. Ndiyo sababu ya safari, sina nyingine. Kila Jumamosi Baba Lakeri, ambaye ni askari polisi, aliniacha nyumbani Bugolobi na mtoto anayeota meno, akarudi jioni na kanga watatu, kifua mbele. Kunyonyoa? Kazi yangu. Na kunyonyoa kote huko sikuwahi kukuta chembe hata moja ya risasi. Nilikuta alama ya kamba mguuni. Mimi nimesoma mpaka sinia foo, kidato cha nne, si mjinga.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimfunga Lakeri mgongoni, nikatangulia kukaa kwenye gari aliloazima.

"Mama Lakeri, unakwenda wapi?"

"Kuwinda. Endesha."

Mpaka tunapita mji wa Luwero alihangaika na redio tu. Mtu anayehutubia hata sufuria!

Saa nne tulifika Nakasongola kwa mjomba wake, Mzee Okot, mwanajeshi mstaafu mwenye kibali cha kuwinda. Akatupeleka karibu na bwawa. Kanga kama kumi walikuwa wanachakura, hawana habari. Baba Lakeri akapewa bunduki, akasimama tu.

"Piga sasa, wametulia!" nikamnong'oneza.

"Hapana. Mpaka waruke."

"Kwa nini?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Mama, wewe ungependa kupigwa risasi ugali wa posho ukiwa mdomoni? Wao wana mabawa, sisi tuna bunduki. Tunawapa nafasi."

Akapiga makofi, ndege wakapaa. Mume wangu akafyatua mara mbili. Naapa, aliumiza mawingu tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Usimcheke," Mzee alisema, naye anajizuia. "Mwaka mzima hajapata hata mmoja, lakini aliyetua hajawahi kumgusa. Namheshimu sana."

Baba Lakeri akanitazama. Neno langu moja tu, heshima yote hiyo ingekwisha. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Nikayameza, nikaomba maji ya kunywa.

Saa tisa, tukirudi, mwanamume mmoja kando ya barabara akatuinulia kanga hai waliofungwa miguu. "Afande! Watatu wako hawa!"

Gari likasimama. Nikashuka kuwaona. Mmoja alikuwa jike, tumbo halina manyoya, kama la kuku anayeatamia: mtego ulimtoa kwenye mayai.

"Huyu alipewa nafasi gani?" nikauliza. "Kwa mjomba wako unakosa kwa heshima, nyumbani unaniletea uongo ninyonyoe!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuacha na mtoto kila Jumamosi ili nikakose?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo!"

Akashika usukani. Kisha akamwambia muuzaji, "Leo hapana. Na wiki ijayo usiniwekee."

"Afande, kwani nimekukosea?"

"Wewe hapana."

Jioni, Bugolobi, majirani walikuwa wamekaa kwenye ngazi. "Afande, leo wangapi?"

Baba Lakeri akafunga mlango wa gari. "Hakuna. Nimekosa wote. Na wale wa wiki za nyuma niliwanunua."

Halafu mama wa mlango wa pili akasema, "Pole, bambi, maskini. Walikuwa watamu."

Nilichojifunza ni hiki: mwanaume anaweza kukosa mwaka mzima na heshima yake ikabaki, mradi asimfiche mkewe. Jumamosi ijayo atabaki na Lakeri na meno yake. Mimi nakwenda kwa Mzee Okot, kujifunza kulenga.