Mtoto Aende kwa Miguu Yake

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa, mwanangu, na kwa kuwa wewe Amisi umenichokoza, leo utaisikia yote. Na wewe mwingine unayesoma bila kuitwa Amisi, kaa pia. Hata kwenu yuko mtoto ambaye watu wazima wanatazamana juu yake, kila mmoja akingoja mwenzake aseme, "Nitamchukua."

Lakini kwanza niseme kilichonipandisha hasira.

Amisi ni mtoto wa kaka yangu. Anakaa Lusangi, analima kidogo, anachimba dhahabu kidogo, na kupumzika ndiko anakofanya sana. Dada yake alifariki mvua zilizopita, akaacha binti, Riziki, ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Baba wa mtoto aliingia Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta mali, na mpaka leo hakuna aliyesikia habari yake. Basi juzi Amisi akaja hapa Kabambare, kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shangazi, zima kwanza mashine. Inapiga kelele sana."

"Inapiga kelele lakini inakoboa. Wewe je?"

Akacheka, akakaa juu ya gunia. Akaniambia kuna bwana mmoja kule Salamabila, viatu vyake ni safi hata wakati wa matope, anayesema serikali iko karibu kufungua tena njia ya watoto kwenda kwa wazungu. Adopsio, ndivyo wanavyoita: mtu wa ng'ambo anachukua mtoto wako, sheria inamfanya kuwa wake. Bwana huyo anakusanya watoto mapema, ili njia ikifunguliwa wawe wa kwanza. Kinachotakiwa ni mkubwa wa familia aseme mbele ya watu kwamba Riziki ni yatima, hana mtu. Mkubwa wa familia ni mimi.

"Hana mutu?" nikamuuliza. "Na wewe uko nini? Uko mbuzi?"

"Shangazi, ni maneno tu ya kupitisha mambo. Atasoma kule. Akikomaa atarudi kutusaidia."

"Nani alikuambia atarudi?"

"Si ni kumulelesha tu? Kama vile wewe walikulelesha Kasongo."

Hapo ndipo nilipozima mashine. Wateja wakanung'unika. Niliwaacha wanung'unike.

Sikumjibu siku ile, maana ningemrushia pepeto. Nilimwambia arudi Lusangi, mtoto asimpeleke popote, angoje jibu langu. Jibu ndilo hili. Naandika mwenyewe, na shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikipinda, zisome zilivyo. Kukoboa najua, na nusu ya Kabambare inakula mchele uliopita mikononi mwangu.

Sasa sikia. Mama yangu alikufa nikiwa na umri wa Riziki. Baba alikuwa ametangulia. Nilikaa kwa mjomba wangu Salumu, kijijini, upande huu huu wa Kabambare, katika nyumba yenye watoto wengi kuliko sahani. Siku hiyo ninayoikumbuka likaja gari kutoka Kasongo, na gari wakati ule lilikuwa jambo la kumfanya mtu aache jembe shambani. Ndani mlikuwa na wazungu wawili, mume na mke, pamoja na mwalimu mmoja wa kuwatafsiria.

Walikuwa watu wema. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu ninyi vijana mnapenda habari ambayo mtu mbaya anajulikana tangu mlangoni. Yule mama aliniinamia, akatazama vidonda vya masikio yangu, akanifuta usaha kwa kitambaa chake mwenyewe. Hakuwa na mtoto. Alinitaka mimi.

Mwalimu akamweleza mjomba: mtoto atakula, atavaa, atasoma. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa uani, na kila jicho lilimwambia mjomba, mjinga wewe, kubali. Hata mimi nilitaka akubali. Nilikuwa nimeona biskuti.

Mjomba hakukataa. Aliuliza tu, "Mutoto atapita njia gani?"

"Atapanda gari mpaka Kasongo," mwalimu akasema, "kisha ndege."

"Sikuulizi ya kwenda. Siku akikosana nao, siku akikasirika, atapita wapi kurudi?"

Mwalimu akacheka. "Papa Salumu, hakuna mutu anatoka Ulaya kwa miguu."

"Waulize wao. Si wewe unamuchukua."

Nisimame hapa kidogo, maana vijana wa pikipiki hamjui tena jambo hili. Katika familia yetu, mtoto akipewa ndugu amlee, habebwi. Hata baiskeli ikiwepo, inasukumwa. Mtoto anatembea, na mkubwa wake anatembea naye, na kila penye njia panda wanasimama. Mkubwa anauliza, "Kwetu ni upande gani?" Mtoto ananyosha mkono. Akikosea, wanarudi nyuma mpaka kwenye mti au kijito anachokikumbuka, wanaanza upya. Ni safari ya kuchosha. Watu wa kando ya njia wanawacheka.

Sababu yake ni hii: mtoto huyo akipigwa bure huko aendako, akinyimwa chakula, au akitamani tu kusikia sauti za kwao, ana haki ya kukimbia. Na akitokea mlangoni, hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini umekuja kabla hajashiba. Anayemlea anajua hivyo. Ndiyo maana mkono wake unajizuia. Huko ndiko kulelesha, Amisi. Mtoto anaazimwa, hatolewi.

Mwalimu akatafsiri swali. Wale wawili wakazungumza kwa sauti ya chini, wakakawia. Mwishowe yule mama akajibu, na mwalimu alipotaka kulainisha maneno, akamshika mkono, akarudia polepole mpaka yakatoka kama alivyoyasema: hakuna njia ya kurudi. Kwa sheria ya kwao nitakuwa mtoto wao kabisa, na jina lao.

Mjomba akamshukuru. Akamkamatia kuku. Akasema mbele ya wote, "Huyu mama hakunidanganya. Ningekuwa na mutoto asiye na mutu hata mumoja, ningemupa huyu, si mwingine."

Gari likaondoka na biskuti zake. Nililia mpaka mjomba akachoka.

"Unalia nini?"

"Ulininyima ndege."

"Nilikunyima. Kesho tunaenda Kasongo kwa shangazi yako Mwamini, yeye ana nafasi. Vaa viatu asubuhi."

"Sina viatu."

"Basi hatutachelewa."

Tukatembea. Sitakuhesabia siku, ila nakumbuka kila njia panda, kila kijito, na mkono wangu ulionyoshwa nyuma mpaka ukauma. Nikakosea mara nyingi. Mjomba, mtu wa hasira za karibu, hakunipandishia sauti njia nzima.

Basi nikakaa kwa shangazi Mwamini. Mwaka haukuisha, nikavunja chungu chake cha maji, akanipiga kwa mwiko mbele ya wageni. Nikakimbia. Nilijiunga na wanaume waliokuwa wanasukuma baiskeli zenye mabidon, yaani madumu, ya mafuta ya mawese, na kila penye njia panda nilikuwa najua kabla yao. Nilipotokea kwa mjomba, alikuwa anamenya muhogo. Alinitazama miguu, akamwita mke wake: "Songa ugali, mugeni amefika." Nikala, nikalala. Asubuhi ndipo akaniuliza.

Akanirudisha Kasongo mwenyewe, kwa miguu tena. Alisimama mlangoni kwa shangazi, mahali majirani wangesikia, akasema, "Mwamini, mutoto anajua njia." Hakuongeza neno, akaomba maji ya kunywa. Mwiko ule haukunigusa tena mpaka nikaolewa.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Sikuambii kwamba kubaki kulikuwa asali. Kasongo nililala na njaa. Nilipepeta mpunga wa watu mpaka vidole vikachubuka, na shule nimekwisha kukuambia iliishia wapi. Yule mama angenipa vitabu, na kuna asubuhi ninapoona mjukuu wangu anasoma bila kufuata mstari kwa kidole, namkumbuka. Lakini kila siku niliyokaa kwa shangazi, nilikaa nikijua kwamba naweza kuondoka. Mtoto anayejua hivyo hainamishi kichwa. Ndiyo maana hata leo wakubwa wa biro, wale wa ofisi za serikali, wananiona mkaidi.

Na hao wa biro nao nina neno nao. Serikali yetu iligundua kwamba watoto wenye bibi, wenye wajomba, walikuwa wanaandikwa hawana mtu ili wapite haraka. Ikafunga njia. Redio ikatangaza, nikapiga makofi peke yangu jikoni. Halafu ikawa nini? Walifunga mlango, wakaenda zao. Nani alifika Lusangi kumuuliza Amisi, huyu mtoto wa dada yako unamlisha nini? Waliokuwa wamekwisha kuahidiwa wazazi wa ng'ambo walikaa wakingoja, wakikua, hakuna wa kuwaambia ni ndiyo au hapana. Na wale waliokwenda zamani, nani anawajua wako wapi, wanaitwa nani sasa? Nilimuuliza mkubwa mmoja aliyepita hapa. Akaniambia, "Mama, mambo hayo ni ya Kinshasa." Kila kitu kizito ni cha Kinshasa. Kodi ya mashine yangu tu ndiyo ya Kabambare.

Na sasa viatu safi wanasema njia itafunguliwa. Ifunguliwe au ifungwe, mimi ningeuliza lile lile aliloliuliza mjomba. Kwanza tafuteni kama mtoto ana mtu, na mkimpata huyo mtu, msaidieni alee, msimpigie makofi tu mkaenda zenu. Akikosekana kabisa, basi aende kwa watu wema, wapo, nimewaona kwa macho yangu. Lakini aende na jina la kwao, aambiwe ametoka kijiji gani, na awepo mtu wa serikali ambaye kazi yake ni kujua mtoto yule analala wapi, na wa kumlipia ndege siku atakapotaka kuja kututazama sura. Je, hilo ni gumu? Mjomba wangu hakujua kusoma, na mtoto wake alikuwa na njia ya kurudi. Wao wana ndege.

Wewe Amisi, neno ulilotaka niseme, sisemi. Riziki hana mama, baba hatujui aliko. Hayo nitasema mbele ya yeyote. Kusema hana mtu ni kusema wewe umekufa, na mimi pia, na sisi bado tunakula. Siku yule bwana akimpitisha, utakaa Lusangi ukingoja binti arudi kukujengea, naye kule anaambiwa kwao walikuwa wamekwisha wote. Mtagombana bila kuonana.

Najua umechoka. Najua mtoto anakula kuliko unavyovuna. Ungesema hivyo tangu mlangoni, tusingefika kote huku.

Kwa hiyo sikia neno langu. Mlete kwangu. Usimpandishe pikipiki, hata ukipata ya bure. Toka naye Lusangi asubuhi, tembea naye, akichoka mpumzike, usiku uwakutapo ombeni mahali. Na kila penye njia panda simama, umuulize kwetu ni upande gani. Akikosea, rudi nyuma. Watu wakicheka, waambie shangazi yako ana kichaa, wanajua.

Mimi nina mdomo mkali, unanijua. Iko siku nitamkosea mtoto huyu, na atakimbilia kwako. Ukimwona mlangoni na vumbi la njia, funga mdomo, weka sufuria motoni. Asubuhi ndipo umuulize. Kisha mrudishe mwenyewe, kwa miguu, unisemee mbele ya wateja wangu kwamba mtoto anajua njia. Nitazima mashine ili wasikie.

Mungu awakaushie njia, wewe na Riziki, na vijito viwapitishe. Na wewe mwingine uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe nyumba ambayo mtoto akiwa mbali na amekasirika, anajua mkono aunyoshe upande gani.