Chokaa na Maji Havipatani

Mwalimu Geua Rarua aliogopa ukurasa mmoja wa kitabu. Msicheke. Mimi ni binamu yake, nimefundisha chumba cha pili yake miaka yote, na nilimwona. Kila mwaka likikaribia somo la mabadiliko ya umbo na mabadiliko ya kikemia, alikuwa hali chakula. Alikuwa akitafuna popoo mfululizo, anatema, anatafuna nyingine, mpaka meno yakafa ganzi.

Zamani hakuwa hivyo. Alipoletwa hapa kwetu, pwani ya kabila letu la Wamotu, nyumba karibu zote zikiwa bado zimesimama baharini kwa nguzo, alikuwa mwalimu wa mbwembwe. Aliyeyusha mshumaa kwenye kifuniko cha kopo, akauacha ugande. "Ni mshumaa uleule," akawaambia darasa la nne, "umebadilisha nguo tu." Kisha akavunja yai kwenye kikaango cha moto, ute ukawa mweupe. "Na hili, nani atalirudisha lilivyokuwa? Hapa kimezaliwa kitu kingine." Akatafuna popoo na tambuu mbele yao, akalamba chokaa, akatema kwenye karatasi. "Popoo ni nyekundu? Tambuu ni jekundu? Haya, wekundu huu umetoka wapi?" Watoto walimpenda kupita kiasi. Sisi wengine tulikuwa tunaandika ubaoni na kufuta.

Siku hiyo akaleta na tumbawe lililochomwa, lile ambalo mama zetu hulisaga kuwa chokaa ya popoo. Akalidondoshea maji. Likafuka, likapasuka, likawa la moto kiasi cha kuunguza kidole. Watoto wakarudi nyuma hadi ukutani. Naye, kwa furaha ya kuwaona wameshangaa, akawatungia maneno papo hapo: "Chokaa na maji havipatani, usivikutanishe." Waliyaimba wiki nzima. Mimi nilimwambia, wimbo mzuri huo, dada. Nami nina sehemu yangu katika hili, sijifichi.

Darasani mle walikuwamo ndugu wawili, watoto wa Konio. Idau, msichana, alikuwa na miaka kumi, na mdogo wake wa kiume, Toua, miaka tisa. Wiki mbili baadaye walikuwa barazani kwao, juu ya maji, wakimchekechea mama yao chokaa. Toua kwa utundu wake akapuliza chekecheke. Chokaa yote ikamrudia machoni.

Mama yao, Konio, alikuwa ufukweni anaparua samaki. Alisikia mayowe, akainua kichwa, akaona wanawe wanagombana ukingoni mwa baraza, msichana amemkumbatia mvulana kiunoni. Chini yao kuna bahari, kina cha kifua, maji ya kutosha kuosha macho ya kijiji kizima. Hakuna aliyeyagusa. Mpaka Konio anafika, mvulana hana sauti tena. Akampaka mafuta ya nazi, wakasubiri mashua. Hospitali walifika kesho yake, macho yameshakuwa meupe kama lile yai la kikaangoni.

"Idau alimshika," Konio alisema. "Alimzuia asijitupe majini. Nimeona kwa macho yangu."

Kila mtu alijua kwa nini, wimbo walikuwa wanausikia kutwa. Lakini nani amlaumu mwalimu? Mwalimu ni mwalimu. Mtoto ndiye hakuelewa. Wakamwita Idau Mshikaji, na yeye hakubisha. Aliacha shule, akawa fimbo ya mdogo wake. Alipofikia umri wa kuolewa, familia mbili zilituma wajumbe, zote mbili zikarudi nyuma. Mama mmoja alisema wazi kwamba mikono ile haitashika wajukuu wake. Niliposikia nilimtukana huyo mama, tukakaa mwaka mzima hatusalimiani.

Geua hakumtukana mtu. Aliliondoa tumbawe kwenye somo lake, akabaki na mshumaa na yai. Na akaanza kusikia. Tunatembea njiani, anasimama: "Umewasikia watoto?" Hakuna watoto. Anafunga bomba la maji shuleni, anatega sikio. Siku za likizo, shule tupu, ananiambia darasa la nne wanaimba. Miaka ishirini na mitatu nilimwambia nenda kaseme, waambie maneno yalikuwa yako, mtoe yule binti aibu. Naye ananijibu kesho.

Mwaka huu ni wa mwisho kwake kabla ya kustaafu. Juzi tulikuwa tunatoka, wasichana wanaruka kamba uwanjani. Mguu wa kwanza, chokaa na maji. Mguu wa pili, havipatani. Hakuna aliyewafundisha, waliyarithi kwa dada zao, na hao kwa dada zao.

Geua alikaa kwenye ngazi ya darasa. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Leo umesikia na wewe," akasema.

"Inuka twende," nikamwambia. "Kesho yako imeshaota mvi."

Toua tulimkuta barazani anakuna nazi kwa kupapasa. Ana miaka thelathini na miwili sasa, na mdomo wake haujatulia.

"Hatua hizo ni za Mwalimu Geua," akasema kabla hatujabisha hodi. "Bado unatembea kama unapanga watoto foleni. Na huyo anayehema nyuma ni binamu yako. Shikamooni. Nimefeli nini tena?"

Geua alisema akiwa wima. "Toua, mwanangu, dada yako hana kosa. Alikushika kwa sababu ya maneno yangu. Mimi ndiye niliyekosea, sikuwaambia kwamba ikiingia jichoni, maji ndiyo dawa, maji mengi na upesi. Nilipaswa kuja zamani. Nilikuwa mwoga."

Toua aliacha kukuna. "Alinishika? Nani kasema alinishika?"

"Mama yako. Kijiji kizima."

"Mama alikuwa ufukweni." Akaiweka nazi chini taratibu. "Dada alikuwa ananivuta niingie majini. Aliniambia ruka, ruka, usimsikilize mwalimu. Mimi ndiye nilikumbatia nguzo. Nilikuamini, mwalimu. Yeye hakukuamini."

Geua alijishika mdomo. Mimi hasira zilinipanda, sikungoja mtu. "Na ukanyamaza? Wanamwita hivyo tangu mko watoto, wewe umekaa hapa unakuna nazi?"

"Nilikuwa na miaka tisa, shangazi. Niliogopa mama akijua nimejipofusha mwenyewe. Halafu nikaona dada habishi, nikajua ananisitiri. Kila mwaka ukipita, kusema kunazidi ugumu."

"Sikuwa nakusitiri."

Idau alikuwa kwenye ngazi na ndoo ya maji. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakututazama sisi, alimtazama mdogo wake.

"Sikubisha kwa sababu sikujua," akasema. "Walisema mno. Nikifumba macho naiona mikono yangu imekushika, na wewe unalia unataka maji. Nimeiona hivyo miaka yote. Nilijua nimekupofusha."

"Ulinivuta," Toua akasema. Akafunua shati. Ubavuni alikuwa na makovu manne, membamba, yameteremka kuelekea kiunoni. "Kucha zako hizi. Ungekuwa unanishika tu usingenichana hivi. Mikwaruzo mitupu ingefutika, chokaa iliiingia ndiyo maana imebaki. Mimi naipapasa kila nikioga."

Idau alitua ndoo. Akapiga magoti, akaweka vidole juu ya makovu, akavibana sana vilingane, maana nafasi ilikuwa ya mkono wa mtoto.

"Sema tena," akamwambia.

"Ulinivuta."

"Tena."

Kutoka uwanja wa shule, wimbo wa wasichana wa kamba ulivuka maji ukatufikia barazani. Geua akashuka ngazi akikimbia, mwanamke wa miaka yake, viatu mkononi, kwenda kuwanyamazisha. Mimi nilibaki nimesimama. Toua alikuwa anasema ulinivuta, ulinivuta, na Idau kila mara anamwambia tena.