Boriti za Nyumba ya Mchungaji, Jomvu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo ndogo, nikakatazwa kupigia misumari. Fundi mkuu aliyenipokea Likoni alisema hiyo ni ya kusikilizia. Unagonga boriti, yaani mti wa mkoko unaobeba dari: nzima hulia kavu, iliyooza haina mlio.

Kutoka Likoni nilihamishiwa Magogoni, na mwishowe, baada ya miaka mingi, nyumba ya mchungaji nje kidogo ya Jomvu Kuu. Ilijengwa na wamisionari, orofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba, maana upana uliamuliwa na urefu wa boriti. Mafundi waliotutangulia walizipiga kuta plasta ya saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui; unyevu ukabaki ndani, ukaozesha vichwa vya boriti mle ukutani.

Niligonga boriti saba za sebuleni. Hata moja haikulia. Orofani juu yake ndiko walikolala mchungaji, mkewe na watoto wao watatu.

Nilimwita msimamizi wa majengo ya kanisa, nikamweleza kuwa zimeoza; akatazama akiwa mlangoni.

"Ziba nyufa, upake rangi," akasema. "Jumapili tuna wageni. Na maneno haya yasitoke hapa."

Nikaziba. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, nikaogopa. Siku tatu niliendelea kupaka rangi. Kila asubuhi nilikuta unga wa mti sakafuni, nikaufagia kabla Mama Mchungaji hajauona.

Siku ya nne aliniletea chai, akanieleza kuwa Jumapili baada ya ibada akina mama wa kanisa watakutana orofani. Nikakiweka kikombe chini.

"Mama, usiwapandishe," nikamwambia. "Ile dari nimeipaka rangi tu, sikuitengeneza."

"Nasi twalala huko siku zote hizi, nawe wajua?"

"Naam, Mama."

Hakupaza sauti. Kufikia adhuhuri walikuwa wameshusha magodoro na kuhamia kwa jirani, vitanda vya chuma wakaviacha. Jumapili, watu wakiwa kanisani, dari iliporomoka. Kitanda cha watoto tulikifukua kimekunjika katikati.

Msimamizi aliniandikia barua ya onyo kwa kutotii amri.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ujenzi wakiniuliza habari za chokaa, nawafundisha kwa furaha. Wakiniuliza habari za Jomvu, naanza na ule unga niliokuwa nikiufagia. Wale watoto wamekuwa wakubwa. Tukikutana njiani huniamkia shikamoo kwa adabu. Naitika marahaba, huku nawahesabu kimoyomoyo, mpaka nifike watatu.