Mbuzi wa Nadhiri

Mama alivunjika nyonga akitoka shambani, kwetu Mkongani. Alipokuwa amelala hajiwezi, aliweka nadhiri mbele yangu: Mwenyezi Mungu akimrudishia miguu yake, atamchinja beberu wake mweupe, awalishe mayatima wa madrasa. Kwetu mwenye nadhiri haili nyama ile, yeye wala wanawe. Hata mchuzi hauonji. Mtoto yeyote aliyepita chuoni kwa ustadhi wa madrasa anayajua hayo, na kaka yangu alipita. Tena alikuwa hodari kunishinda.

Miguu ikarudi, alhamdulillahi. Mama alipoutupa mkongojo, nilitaka tupike mara moja, maana wageni walikuwa wachache kule Diani ninakopika hotelini. Kaka akapiga simu kutoka Nairobi: hapana, ingojwe Desemba, aje na familia yake. "Shukrani ya mama bila mimi itakuwaje?" Mama akakubali palepale. Mimi ninayemwogesha nikisema neno, ni kelele. Yeye akikohoa kule Nairobi, ni amri.

Desemba! Nani hajui Desemba ya Diani? Ukimwomba mkuu wa jikoni ruhusa mwezi huo, anakutazama kana kwamba umemtukania mamake. Nilimbembeleza mwenzangu tubadilishane zamu, nikamfanyia Krismasi yake nzima nimesimama mbele ya jiko, nami nikapata asubuhi moja. Asubuhi moja ya kumshukuru Mungu kwa miguu ya mama yangu. Haya.

Ustadhi alichinja baada ya sala ya alfajiri. Nikakata nyama, nikakaanga vitunguu mpaka macho yakavimba, nikapika pilau kwenye sufuria kubwa tuliyoazima msikitini. Sisi wenyewe nikatuwekea kuku wa nazi kwenye sufuria ndogo, nikaitenga mbali ili mtu asije akakosea mwiko.

Kaka akaingia na mkewe, watoto, na gari la pili limejaa marafiki ambao hakuna aliyetuambia habari zao. Hata shikamoo ya mama ilikuwa ya mbiombio. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria kubwa.

"Hiyo si yetu, kaka," nikamwambia. "Yetu ni kuku."

Akacheka. "Nimeendesha gari usiku kucha nije nile kuku?"

"Nadhiri hiyo."

"Ah, najua, najua. Natania tu."

Nikamwamini. Kumbe!

Nilikuwa nakatakata kachumbari simu ilipolia. Hotelini kulikuwa na arusi, mwenzangu ameanguka na homa, na mkuu wa jikoni anasema nisipokuja sasa hivi nisije tena. Mama alikuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Nikamwita kaka, nikamwambia mbele ya mkewe ili asije akasema hakusikia: watoto wa madrasa wanakuja baada ya sala. Ni wao kwanza, na ni wao tu.

"Nenda kazini wewe," akasema. "Utanifundisha dini mimi?"

Nikaondoka nimevaa aproni ile ile.

Niliporudi kesho yake asubuhi, kaka na watu wake walikuwa wameshakwenda zao ufukweni. Mama alikuwa ameketi uani karibu na sufuria kubwa, hajaiosha, wala hajaruhusu mtu kuiosha.

"Nilikuwa nasali," akaniambia. "Nilipotoa salamu, nikasikia mifupa inagongwa."

Kaka na marafiki zake walikuwa wanatoa uboho wa beberu. Watoto wa madrasa walipofika na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakanawa, wakakaa mkekani, wakangoja kwa adabu. Kaka akawapakulia ukoko na wale kuku wangu, akawapa na soda. Mama alipomwuliza, akamjibu, "Si wamekula na kushiba, mama? Mungu anataka nini zaidi?" Kisha akapiga picha, akaitia kwenye kundi la familia: Shukrani ya Mama imefana.

Yarabi, nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Naye hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. "Kwani ni nini, dada? Nitamnunulia mwingine. Mkubwa kuliko yule."

Mama akatikisa kichwa. "Mimi nilimtaja yule. Nilimlea kwa mkono, nikamtaja mbele ya Mungu. Sasa nimtaje nani?"

Ustadhi alikuja akamtuliza, akamwambia Mungu ni mwingi wa rehema, akitolewa mbuzi mwingine nadhiri itakubaliwa. Mama akaitikia vizuri, akamshukuru, akamkaribisha chai. Mbuzi wa kaka aliletwa, akachinjwa, watoto wakala. Mama hakutoka chumbani kuwatazama.

Nakwenda Mkongani kila nikipata siku. Miguu yake ni mizima, daktari mwenyewe anaisifu. Anatoka chumbani mpaka uani, kisha anarudi. Juzi jirani yetu alifiwa, nikamwambia, "Mama, jitande kanga twende tukawape pole, ni hatua chache tu." Akakataa. Akasema njia ile inapita madrasa, na watoto watamwona anatembea.