Boko Boko la Arubaini

Mimi ni mtu wa hasira, nasema mapema. Aliyekuwa akinipoza ni mke wangu, na yeye sasa Mungu kamrehemu, kwa hiyo nivumilieni.

Kocha wetu alikuwa Mromania. Klabu yenyewe ndogo, hapa hapa Maskati, leo inapanda daraja kesho inashuka, na mie baada ya kustaafu serikalini nilijitolea kuwa meneja wa timu: mipira, maji, basi, na kumfasiria kocha pale anapokwama. Kiarabu chake alikiokota viwanjani, nchi hii na ile ya Ghuba. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kusukuma. Lakini tulielewana, tena sana.

Ujanani alikuwa mshambuliaji, na kwao walimuimba. Alinionesha kwenye simu yake: picha zimechakaa, mvua inanyesha, kijana mwembamba wa namba tisa. Mpira unatoka pembeni, humuoni, humuoni, mara yupo. Anaugusa tu, basi, uwanja mzima unasimama. Goti lilipomharibikia akageukia ukocha, na tangu hapo maisha yake ni sanduku: msimu huku, msimu kule, mke akachoka akaenda zake. Wachezaji wetu alikuwa akiwaambia kila siku, "Mshambuliaji si mbio. Mshambuliaji ni kufika kwa wakati." Alisema mpaka golikipa akawa anamuigiza, na sauti yake na kuchechemea kwake, na yeye mwenyewe anacheka.

Siku moja tulikuwa tunatoka Wadi Kabir, basi la timu tumeliacha kwa fundi. Mara kocha akasema, "Uwanjani nimefika kwa wakati umri wangu wote. Nyumbani sijapata kuwahi hata mara moja. Baba kafa, niko kambini. Binti yangu kazaliwa, niko ugenini. Sasa kabaki mama." Nikamwambia, huyo inshaallah utamuwahi. Ndivyo mtu anavyosema.

Mama yake akafa wiki ya mechi ya kushuka daraja. Wakubwa wa klabu wakamwambia mechi kwanza, safari baadaye. Wallahi mori ulinipanda. Niliipiga meza mpaka finjani za kahawa zikaruka, nikawaambia mtu kafiwa na mama yake, nyie mnamzungumzia mpira? Yeye mwenyewe akanishika mkono, akasema atabaki. Akamzika mamake kwenye simu, kasimama nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, upande wenye kivuli. Mechi tukafungwa. Timu ikashuka, na wale wale waliomzuia ndio waliomfukuza. Akawa peke yake kwenye nyumba ya kupanga kule Azaiba, anangojea karatasi zake za kuondoka zikamilike, na hazikamiliki.

Ikawa siku akaja kwangu Mawaleh. Hakutaka hata kukaa. Akasema, "Nipeleke nikanunue ngano." Ngano ya nini? Akanieleza. Kwao maiti hufanyiwa arubaini kama kwetu. Huchemshwa ngano, watu wakaitwa wakala, na kila anayekula humuombea marehemu. Wasipokula watu, alisema, yule maiti hakupata kitu, amekwenda mikono mitupu. "Mazishi yake sikuwahi," akasema. "Hii nataka niiwahi."

Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. "Ngano ya arubaini? Si boko boko hilo! Mwanamme huyu hata yai hajui kukaanga, atapika ngano? Mwambie aende zake akapange viti. Kesho jioni nnamletea." Nikamwambia labda lao ni jengine. "Ngano ni ngano," akasema, na jikoni kwake mie sikuwa na kura.

Akaroweka ngano usiku kucha. Akaipika na kuku mpaka nyama ikavurugika, akaisonga kwa mwiko ule mkubwa aliourithi kwa mamake, jasho linamtoka, hataki kusaidiwa. Samli juu, vitunguu vya kukaanga, na bakuli la sukari pembeni kwa wanaopenda kama sisi. Tukapakia gari tukaenda Azaiba.

Kocha alikuwa kapanga viti uani, kavaa suti, na joto lile! Akafunua sufuria. Akatazama, akatazama. "Kuna kuku," akasema taratibu. Hapo ndipo tulipojua: lao ni ngano tupu, ya baridi, imetiwa sukari na lozi, na tena ulikuwa msimu wao wa kufunga, nyama hawali kabisa. Yarabi, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mke wangu hakutikisika. "Ndiyo kuna kuku! Ulitaka nikupikie ngano tupu, kama mfiwa asiye na jirani?" Nikamfasiria. Yule bwana akacheka. Mara ya kwanza tangu kufiwa alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho, kisha cheko likageuka kilio, na sisi tukaangalia pembeni.

Tukakaa tukangoja. Wachezaji wote aliwaita, hakuja hata mmoja. Walikuwa uwanjani na kocha mpya, na nadhani wengine waliona haya, mtu aliyefukuzwa utamtazamaje usoni. Samli ikaanza kuganda. Akasema basi, ahsanteni, mumefanya mlivyoweza, na akaanza kukunja viti. Mke wangu akasimama, akajifunga mtandio wake vizuri. "Mwambie aviache viti. Si yeye anayesema mshambuliaji asingojee mpira? Nyanyueni sufuria hiyo."

Hakuwahi kusema hivyo, alisema kufika kwa wakati, lakini nani angembishia.

Kwa hiyo tukapakia tena gari, tukaingia uwanjani, mie na kocha tumeshika sufuria huku na huku, mke wangu nyuma na sinia na sukari. Kocha mpya akapuliza filimbi, hakuna aliyemsikiliza. Wachezaji wamesimama wanatuangalia. Golikipa akauliza ni chakula cha nini, nikamwambia cha arubaini ya mama yake. Nahodha akanawa kwa maji ya chupa, akakaa kitako kwenye nyasi na viatu vyake vya mpira, akasema bismillahi. Wakaja wote. Walikula mpaka sinia likaonekana chini, na kila mmoja akamshika kocha mkono akamwambia pole. Yeye alikula pia, na kuku wake, na kufunga kwake. Mke wangu alikuwa akimwangalia kila tonge. "Kala?" ananiuliza. "Kala," namwambia. "Basi."

Akaondoka. Kila Idi alipiga simu, na neno lake la kwanza lilikuwa salamu kwa mke wangu.

Mwaka huu kanifia. Siku tatu watu walijaa, kocha naye akanipa pole kwa simu, kisha kila mtu akarudi kwake. Nilipotaja arubaini, mwanangu mkubwa akasema, "Baba, hayo mambo ya watu wa zamani, bidaa, tumuombee dua inatosha." Wadogo zake wakamuunga mkono. Pengine wanajua dini kuliko mie. Angekuwepo mwenyewe angewajibu, lakini hayupo, na mie hasira zenyewe zimekwisha nguvu. Siku ikafika ikawa siku kama nyengine. Nimekaa sebuleni, mwiko wake uko pale pale jikoni, hakuna aliyeugusa.

Alasiri simu ikalia, simu ya picha. Nikaona ua wa nyumba ya kijijini, baridi, wazee wamevaa makofia, wanawake na vitambaa kichwani, wamejipanga na bakuli mikononi. Katikati yupo kocha, nywele zote nyeupe. Hata salamu hakunipa. Akaisogeza simu kwenye sufuria, akasema kwa Kiarabu chake cha viwanjani, "Tazama. Kuna kuku." Kasisi wao kanuna, akaniambia, lakini kala.

Nikauliza kama katia samli. Katia. Kisha wale watu wakaja mmoja mmoja mbele ya simu, kila mmoja na kijiko chake, wakilitaja jina la mke wangu. Wote walilikosea, kila mtu kwa namna yake, na wote wakala. Mama yake mwenyewe hakumuwahi. Mke wangu kamuwahi.

Nililia mbele yao, watu nisiowajua, wala sikuona haya. Ajuza mmoja akaichukua simu mkononi mwa kocha, akanitazama kwa karibu, akasema neno. Nikauliza anasemaje.

"Anauliza," kocha akasema, "wewe umekula?"

Sikuwa nimekula.